Mavazi ya Mkimbiaji

1. Kila kazi ina vyombo vyake

Seremala ana msumeno na randa. Mvuvi ana wavu na kasia. Mkulima ana jembe na panga. Mkimbiaji naye ana vyombo vyake, lakini havichukui mkononi: anavivaa mwilini. Viatu, soksi, fulana, kaptula na kofia, hivyo ndivyo vyombo vya mkimbiaji.

Wakimbiaji ni wa namna mbili. Wako wanaokimbia kwa kushindana. Hao ni wachache. Wako wengine wanaokimbia kwa afya na kwa furaha tu, nao ndio wengi. Mwalimu hukimbia alfajiri kabla ya kwenda shuleni. Muuguzi hukimbia jioni akitoka kazini. Vijana hukimbia pamoja siku ya mapumziko. Hawatafuti medali wala sifa. Wanataka moyo wenye nguvu, pumzi ndefu na usingizi mzuri. Somo hili ni la wakimbiaji wa namna hii ya pili.

Muulizeni mtu kama huyo: «Katika mavazi yako yote ya kukimbilia, unapenda lipi zaidi?» Pengine mtadhani ataonyesha vazi jipya lenye rangi kali. La! Mara nyingi ataonyesha fulana kuukuu, ama viatu vilivyokwisha kupoteza rangi. Mkimwuliza sababu, atajibu: «Nikilivaa vazi hili, ninalisahau.»

Jibu hilo lina akili. Vazi baya hujikumbusha kila hatua: linabana, linakwaruza, linateremka, linalemea. Vazi jema hunyamaza. Shikeni neno hilo, maana somo lote limesimama juu yake.

2. Mtu aliyeshinda bila viatu

Tarehe 10 Septemba 1960, katika mji wa Roma, watu wa mataifa mengi walishindana mbio ya maratoni. Mbio hiyo ina urefu wa kilometa 42 na meta 195. Ilianza jioni, jua likielekea kutua. Giza lilipoingia, askari walisimama kando ya njia wakishika mienge, ili wakimbiaji waone mbele.

Kati ya wakimbiaji alikuwamo askari mmoja wa walinzi wa Kaisari wa Ethiopia. Jina lake Abebe Bikila. Watu wa Ulaya hawakumjua. Walipomtazama miguuni walishangaa, kwa sababu hakuvaa viatu. Viatu alivyojaribu kabla ya mbio havikumkaa vizuri. Yeye alikuwa amekwisha kufanya mazoezi miguu mitupu, na nyayo zake zilikuwa ngumu. Basi akaamua kuviacha viatu vinavyoumiza, akakimbia kama alivyozoea.

Karibu na mwisho walibaki wawili tu mbele: yeye na Rhadi ben Abdesselam wa Moroko. Bikila akaongeza mwendo, akamwacha mwenzake kwa sekunde 25. Alimaliza kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Mpaka siku ile hapakuwa na mtu aliyekimbia maratoni kwa wakati mfupi hivyo. Alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kupata medali ya dhahabu katika michezo ya Olimpiki.

Lakini habari haiishi hapo. Mwaka 1964 michezo hiyo ilifanywa Tokyo, katika nchi ya Japani. Majuma machache kabla ya mbio, Bikila alipasuliwa tumbo kwa ugonjwa wa kidole tumbo. Hata hivyo alikwenda. Na safari hii alivaa viatu vyeupe na soksi, vilivyomkaa vizuri. Akashinda tena, kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11. Aliyemfuata alichelewa zaidi ya dakika 4. Bikila hakuanguka chini kwa uchovu. Alilala majanini akaanza kunyoosha miguu, kama mtu anayejitayarisha kukimbia tena. Ndiye mtu wa kwanza kushinda maratoni ya Olimpiki mara mbili.

Sasa fikirini. Je, viatu ndivyo vilivyomshindisha Tokyo? Hapana. Je, kukosa viatu ndiko kulikomshindisha Roma? Hapana. Nguvu ilikuwa katika moyo, mapafu na miguu yake, na katika mazoezi ya siku nyingi. Lakini alikuwa na busara: alikataa viatu vilivyombana, akakubali viatu vilivyomfaa.

3. Je, tukimbie miguu mitupu?

Mtoto mmoja atasema: «Kama Bikila alishinda hivyo, viatu vina faida gani?» Ajibiwe hivi: faida ni kubwa, maana udongo una adui wadogo wengi.

Adui wa kwanza ni funza. Ni kiroboto mdogo sana anayekaa katika vumbi na mchanga mkavu. Jike lake huingia katika ngozi ya mguu, hasa karibu na kucha, na humo hujaa mayai. Mguu unawasha, unavimba, na kidonda huingia uchafu.

Adui wa pili ni mnyoo wa safura. Watoto wake hukaa katika udongo wenye majimaji, mahali watu walipojisaidia ovyo. Hupenya katika ngozi ya wayo, husafiri ndani ya mwili mpaka matumboni, na huko hunyonya damu. Mtoto hudhoofika, hana nguvu ya kucheza wala ya kusoma.

Adui wa tatu ni kijidudu cha pepopunda. Huingia kwa kidonda cha msumari, mwiba ama kigae. Pepopunda inaua. Sindano ya chanjo inaikinga. Basi yule asiyeipata aende hospitalini aombe.

Na mtoto ambaye wazazi wake hawajaweza kununua viatu vya kukimbilia? Asione haya, tena asiache kukimbia. Akimbie katika kiwanja kilichofagiwa, si katika njia yenye vigae. Akirudi nyumbani, anawe miguu kwa maji na sabuni, aifute, na atazame kila kidole mmoja mmoja. Kazi hiyo yachukua dakika mbili tu.

4. Kuchagua viatu

Viatu vya mkimbiaji ndivyo watu wengi huviita basketi. Lakini si kila basketi hufaa kwa kukimbia. Mtu anapotembea, sikuzote mguu mmoja unagusa chini. Anapokimbia, yuko kitambo angani, halafu anaanguka juu ya mguu mmoja. Ndiyo sababu kiatu cha mbio kina wayo mnene, mwepesi, unaobonyea kama sifongo na kurudi tena.

Mwenye kununua viatu ashike kanuni hizi:

Kwanza, anunue jioni. Miguu huvimba kidogo kwa kazi ya mchana, na huvimba vilevile katika kukimbia. Kiatu kinachoenea sawasawa asubuhi chaweza kubana jioni.

Pili, avae vyote viwili. Watu wengi wana mguu mmoja mkubwa kidogo kuliko wa pili. Achague kwa kufuata ule mkubwa.

Tatu, asimame wima, kisha aangalie mbele ya kidole kirefu. Pawe na nafasi ya upana wa dole gumba. Pasipo nafasi hiyo, vidole vitapiga mbele ya kiatu wakati wa kuteremka mlima, na kucha zitakuwa nyeusi.

Nne, kisigino kisipande na kushuka ndani ya kiatu. Kikifanya hivyo, ngozi itachunika.

Tano, akimbie hatua chache kabla ya kulipa. Akiambiwa: «Vinabana kidogo, lakini vitalegea,» asiamini.

Wengi hununua viatu vilivyokwisha kuvaliwa na watu wengine. Si vibaya, lakini vitazamwe kwa uangalifu. Viwekwe mezani, vitazamwe kwa nyuma. Kiatu kikilala upande mmoja kama nyumba inayotaka kuanguka, kiachwe. Wayo ubonyezwe kwa dole gumba: ukiwa mgumu kama ubao, nguvu yake imekwisha, hata kama juu kinang'aa. Wahenga walisema: Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Viatu havidumu milele. Kwa desturi hufaa kwa kilometa 500 mpaka 800. Tufanye hesabu: mtu akikimbia kilometa 5 kwa siku, mara 3 kwa juma, anakimbia kilometa 15. Katika majuma 40 atakuwa amekimbia kilometa 600. Basi mtu huyo ajue kwamba baada ya mwaka mmoja viatu vyake vimezeeka.

5. Soksi

Soksi ni kitu kidogo, lakini mkimbiaji akiidharau itamwadhibu. Lengelenge hutoka wapi? Hutoka katika kusuguana kwa ngozi, nayo ngozi yenye majimaji huchubuka upesi kuliko ngozi kavu. Soksi kubwa mno hukunjamana chini ya wayo, na kila kunjo ni kama kijiwe. Soksi yenye tundu huacha kidole kijisugue. Soksi ya pamba tupu hunywa jasho na kukaa nalo. Soksi ya sufu nyembamba, ama yenye nyuzi zilizotengenezwa kiwandani, hukauka upesi.

Kabla ya kuvaa, mkimbiaji ageuze soksi na kukung'uta mchanga. Lengelenge likitoka, asilichune ngozi yake: ngozi hiyo ni kifuniko kinachozuia uchafu. Alioshe, alifunike kwa kitambaa safi, apumzike siku moja ama mbili.

6. Fulana, kaptula na jasho

Kwa sababu gani mtu anayekimbia hutoka jasho? Misuli yake inafanya kazi, na kazi huleta joto. Mwili hutoa maji juu ya ngozi. Maji yale yakikauka, huondoka pamoja na joto. Basi si kutoka kwa jasho kunakopoza mwili, bali ni kukauka kwake.

Kwa hiyo vazi la mkimbiaji liwe jepesi na liache hewa ipite. Fulana ya pamba ni laini nayo yafaa kwa mwendo mfupi. Lakini pamba hunywa maji mengi, inakuwa nzito na kukwaruza. Katika mwaka 1941, wataalamu wawili wa Uingereza, Whinfield na Dickson, walivumbua nyuzi za poliesta. Nyuzi hizo hunywa maji kidogo sana. Ndiyo sababu siku hizi fulana nyingi za michezo zinafumwa kwa poliesta. Ina kasoro yake: hushika harufu ya jasho kuliko pamba. Basi lazima ifuliwe kila mara.

Kaptula isibane mapaja, tena isiwe na mshono mkali kwa ndani. Mahali ngozi inaposuguana, kama mapajani na kwapani, mkimbiaji hupaka mafuta ya mgando kidogo kabla ya kuondoka.

Jihadharini na kosa moja kubwa. Watu wengine huvaa koti zito, ama mfuko wa plastiki chini ya fulana, wakikimbia juani. Husema: «Tukitoka jasho jingi tutapunguza mafuta ya mwili.» Wanajidanganya. Kinachopungua ni maji, nayo yatarudi wakinywa. Tena jasho chini ya plastiki haliwezi kukauka, basi joto linabaki ndani. Kichwa kinauma, mtu anayumba, anasema maneno yasiyo na maana, anaanguka. Ugonjwa huo wa joto waweza kumwua hata kijana mwenye nguvu. Mkimwona mwenzenu katika hali hiyo, mpelekeni kivulini upesi, mvueni mavazi mazito, mmwagieni maji baridi, mkamwite mkubwa.

7. Wasichana nao hukimbia

Zamani watu wengi walidhani kwamba mwanamke hawezi kukimbia mbali. Kwa hiyo mafundi hawakumshonea viatu vya mbio.

Katika mji wa Boston, nchi ya Marekani, hufanywa maratoni kila mwaka. Mwaka 1966 mwanamke mmoja, Roberta Gibb, aliandika barua kuomba nafasi. Alijibiwa kwamba wanawake hawana nguvu ya mbio hiyo. Hakukata tamaa. Hakuwa na viatu vya mbio vya wanawake, maana havikuuzwa. Alivaa viatu vya wavulana. Alivaa kaptula ya ndugu yake mwanamume, na sweta lenye kofia ili asijulikane. Akajificha kichakani karibu na mahali pa kuanzia. Wanaume wengi walipopita, akaingia kati yao.

Baada ya mwendo, sweta likamtia joto kali, lakini aliogopa kulivua. Wanaume waliokuwa karibu naye walitambua kwamba ni mwanamke. Hawakumfukuza. Walimwambia kwamba hawatamwacha mtu amtoe njiani. Akalivua sweta, akakimbia mbele ya watu wote. Vile viatu vipya vilimtoa malengelenge, na kilometa za mwisho zilikuwa za maumivu. Hata hivyo alimaliza kwa saa 3, dakika 21 na sekunde 40, akiwatangulia wanaume wengi.

Mwaka 1972 maratoni ya Boston iliwakubali wanawake rasmi, na mwaka 1984 maratoni ya wanawake iliingia katika Olimpiki. Na mwaka 1977, katika Marekani, wanawake watatu walishona sidiria ya kwanza ya kukimbilia, inayoshika kifua bila kuumiza. Leo msichana hana haja ya kujificha ndani ya nguo za kaka yake. Naye achague mavazi yanayomfaa kazi, yenye heshima, yanayomwacha apige hatua kwa uhuru.

8. Jua, mvua na giza

Juani, kofia nyepesi yenye ukingo hufunika macho. Rangi nyeupe hushika joto kidogo kuliko nyeusi. Siku ya mvua, mkimbiaji asijifunge koti zito linalojaa maji. Akimbie na fulana yake, lakini akifika nyumbani abadili nguo mara moja. Radi ikinguruma, asikimbie kamwe.

Gizani iko hatari kubwa zaidi ya zote: magari na pikipiki. Dereva hamwoni mtu aliyevaa nguo nyeusi mpaka amemkaribia. Basi alfajiri na jioni vaeni fulana nyeupe, ama ukanda unaong'aa taa ikiupiga. Katika Kongo magari hupita kuume. Kwa hiyo mkimbiaji akimbie upande wa kushoto wa barabara, apate kuyaona magari yanayomjia.

9. Kutunza mavazi

Viatu vikilowa, toeni kamba, jazeni makaratasi makavu ndani, viwekeni kivulini penye upepo. Msiviweke karibu na moto: gundi itaachia na wayo utakuwa mgumu.

Fulana na kaptula zifuliwe siku ileile, zianikwe juu ya kamba penye jua. Zisitandazwe chini. Katika Afrika iko aina ya nzi ambaye jike lake hutaga mayai katika mchanga wa kivulini na katika nguo mbichi. Mtu akiivaa nguo ile, watoto wa nzi huingia katika ngozi, na baada ya siku chache hutokea jipu lenye funza ndani. Dawa yake ni pasi ya moto, iliyopitishwa pande zote mbili za nguo, hata kwenye mishono. Moto huua mayai.

10. Fundisho

Mkimbiaji mwenye akili hanunui vazi ili atazamwe. Hulichagua kwa mguu wake, kwa jasho lake na kwa njia yake. Hulifua, hulianika, hulishona likipasuka. Na siku akikimbia na kusahau kabisa kwamba amevaa kitu, hapo ajue kwamba amechagua vizuri.

Maulizo

1. Wakimbiaji wa namna mbili ni wapi?
2. Kwa sababu gani Bikila hakuvaa viatu Roma? Tokyo alifanyaje?
3. Tajeni adui watatu wanaokaa katika udongo. Kila mmoja anaingiaje mwilini?
4. Kwa nini inafaa kununua viatu jioni?
5. Elezeni namna jasho linavyopoza mwili. Kwa nini ni vibaya kukimbia na plastiki?
6. Roberta Gibb alivaa nini, na kwa sababu gani?
7. Hesabu: Mtu anakimbia kilometa 4, mara 5 kwa juma. Baada ya majuma mangapi viatu vyake vitakuwa vimekimbia kilometa 600?

Kazi ya mikono

Simama juu ya karatasi, mwenzako azungushe kalamu kuufuata mguu wako. Ikate karatasi kwa mstari ule, kisha iweke ndani ya kiatu chako. Je, inalala sawasawa, ama inakunjamana pembeni? Ikikunjamana, waambie wazazi wako: kiatu hicho ni kidogo, na mguu wako ungali unakua.